Hongo ya Bahari: Maswali ya Waandishi wa Kanda ya Kati

Mwezi huu barua nyingi za safu ya uandishi zimetoka Dodoma, Singida na Kondoa, na karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kumbuni mungu wa kike wa bahari kwa ajili ya riwaya ya ulimwengu usiokuwepo. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine zinaiegemea.

SWALI: Shikamooni wahariri. Ninaandika riwaya ya visiwa vya kubuni. Mungu wangu wa kike anaishi kwenye jumba la marijani, ana nywele ndefu, na mawimbi yanamtii. Rafiki zangu wawili wamesoma sura tatu wakasema ni nguva wa katuni. Bahari yenyewe sijawahi kuiona kwa macho. Nimwache? Au nianzie wapi?
Msomaji wa Kizota, Dodoma

JIBU: Marahaba. Usimwache. Jumba la marijani halina kosa, wala nywele. Tatizo ni kwamba katika muhtasari uliotutumia hakuna mtu hata mmoja anayedaiwa naye kitu. Mungu wa hadithi hujengwa kuanzia kwenye kile anachotoza. Sura na mavazi yatakuja baadaye, tena yatakuja yenyewe.

Hapo mwandishi wa Dodoma ana mtaji ambao wa pwani hana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, na watemi wa njiani waliitoza hongo: nguo, shanga, nyaya. Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ada ya njia. Msafara uliweza kukaa siku kadhaa ukibishana kuhusu kiasi, kwa sababu mbele kulikuwa na nchi kavu, na visima vilikuwa na wenyewe. Msafiri hakulipa kwa kumpenda mtemi, alilipa kwa kuwa alihitaji kunywa.

Basi mpe mungu wako hongo. Kabla ya kuandika sura ya nne, jibu maswali haya kwenye daftari: anamiliki nini, anatoza nini na kwa kipimo gani, nani anapokea kwa niaba yake, na asipolipwa kinatokea nini.

Kuhusu anachomiliki, usimpe bahari yote. Mpe mpaka unaoonekana. Mpaka mzuri kuliko yote ni ule mstari wa takataka na mwani mkavu unaoachwa ufukweni na maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa kupita siku nyingine. Chini ya mstari huo kila kitu ni chake: chombo, samaki, kiatu kilichosahauliwa, mtoto aliyelala mchangani. Juu yake hana nguvu. Ukishachora mpaka, msomaji atashika pumzi kila mhusika anapouvuka, na hutahitaji kumwambia aogope.

Kuhusu anachotoza, chagua kitu ambacho kukitoa kunauma. Dhahabu na lulu haziumi, kwa sababu msomaji hajawahi kuwa nazo. Sisi tungemtoza maji ya kunywa. Kila chombo kinachotoka bandarini kinamwaga baharini ndoo moja ya lita 20, maji matamu, safi, yasiyopunguzwa. Kwa msomaji wa mahali penye mito hiyo ni desturi ya ajabu tu. Wewe unayejua Oktoba ya Dodoma, mvua ilikatika tangu Aprili au Mei na ndoo zimepangwa bombani kabla ya alfajiri, unaweza kuiandika mpaka ikaumiza. Iandike kwa karibu: mwanamke ameinamisha ndoo, maji yanatoka taratibu kwa sababu mkono unakataa, mtoto wake anatazama midomo ya ndoo, na tone la mwisho linaning'inia ukingoni mpaka mpokea hongo aligonge kwa kidole lianguke. Hakuna haja ya mungu kujitokeza katika ukurasa huo. Yupo.

Anayepokea ni binadamu, na binadamu ana njaa, ana ndugu, ana upendeleo. Mwandikie kazi yake kama ya karani: ana kipimo, ana mahali pa kusimama, ana alama anayoichora kwenye ubavu wa chombo kilicholipa. Ndoo yenye kitako kilichoinuliwa kwa ndani, inayobeba lita 17 badala ya 20, inaweza kuendesha nusu ya riwaya.

Sasa adhabu, na hapa ndipo wengi huharibu. Wanaleta wimbi refu kama mnara. Adhabu nzuri ni ile ambayo maji yangeweza kuifanya hata bila mungu. Kwenye kisiwa cha mawe ya matumbawe, maji ya mvua yaliyozama ardhini huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna karibu mita 40 za maji matamu chini yake. Ukichota kupita kiasi, maji ya juu yakishuka kidogo, chumvi inapanda kutoka chini mara 40 ya hapo. Kisima kinageuka ladha. Kwanza wali hauivi vizuri, halafu mbuzi wanakataa kunywa, halafu migomba inaungua ncha za majani. Kijiji kilichodhulumu ndoo tatu kila siku kikiona hayo kitasema amekuja kudai. Mgeni msomi atasema mmechota mno. Waache wote wawili wawe na hoja.

Makosa matatu ya kukwepa baada ya hapo. Usibadilishe kiasi cha hongo katikati ya kitabu bila sababu inayojulikana na wahusika, maana msomaji ataona unamwokoa mtu wako. Usimfanye mungu akasirike "kwa sababu ni mwepesi wa hasira". Hasira isiyo na deni haina uzito. Na mhusika mkuu lazima alipe angalau mara moja, kwa mkono wake, kitu alichokuwa anakihitaji.

Kuhusu kutoiona bahari: kama una uwezo, tangu 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) inakufikisha Dar es Salaam siku hiyohiyo. Nenda siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, fika ufukweni asubuhi, kaa mahali pamoja saa sita nzima ukiandika maji yako wapi kila baada ya nusu saa. Siku moja ya namna hiyo itakupa zaidi ya picha mia.

SWALI: Katika hadithi yangu hekalu la mungu wa bahari liko kwenye mwamba, na waumini huvuka kwa miguu maji yanapokupwa, kila siku saa sita mchana. Mwenzangu aliyekulia Tanga anasema haiwezekani. Kwa nini?
Msomaji wa Kongwa

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, kama ulimwengu wako una mwezi mmoja unaofanana na wetu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku saa ya kupwa inasogea mbele kama dakika 50. Yakipwa leo saa sita mchana, kesho yatapwa saa saba kasoro dakika kumi. Baada ya siku saba yatapwa karibu saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, na saa sita mchana maji yatakuwa yamejaa au yanakaribia. Kupwa kwa saa sita mchana kutarudi baada ya takriban siku 15.

Usisikitike, sheria hii ni zawadi. Maji yanapwa sana, na kujaa sana, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, au siku moja mbili baadaye. Katikati ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Kwenye pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hufika karibu mita 4, na siku za maji mafu huweza kuwa mita 1 hivi. Tena mahali pamoja kupwa kwa bamvua huja takriban saa ileile kila mara; kwa Dar es Salaam na Zanzibar ni kama saa nne hadi saa tano asubuhi. Hivyo hekalu lako litafunguka mara mbili kwa mwezi, kwa siku tatu au nne, asubuhi. Siku nyingine zote mungu yuko peke yake. Hiyo inampa heshima kuliko mlango ulio wazi kila mchana.

Zingatia pia kasi ya maji kurudi, maana ndiyo inayoua wahusika. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote kwa 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 4, saa ya kwanza ni sentimita 33 tu na muumini anaweza kudhani ana muda mwingi. Saa ya tatu inaleta mita 1 nzima. Kwenye ufuko tambarare unaoinuka mita 1 kwa kila mita 500, ukingo wa maji utatembea nusu kilomita ndani ya saa hiyo. Na maji hayaji kutoka mbele peke yake. Huingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, huku mchanga uliokanyaga ukiwa bado mkavu. Kuhani mzuri hatazami bahari akiwa hekaluni. Anageuka kutazama mfereji.

Ukitaka miezi miwili angani, unaweza, lakini andaa kalenda ya mwaka mzima kabla hujaanza, la sivyo utajipinga kufikia sura ya kumi.

SWALI: Kiswahili chetu hakina neno la kutofautisha yeye wa kiume na yeye wa kike. Msomaji atajuaje kuwa ni mungu wa kike bila kumwambia kila mara? Na jina nimtungieje?
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Mwalimu, upungufu unaouona ni hazina. Uke wa mungu unaoneshwa na cheo: Bibi, Mama, Mwana kama watu wa pwani walivyowaita wanawake wa heshima. Mara moja inatosha. "Mungu wa kike" litumie kwenye maelezo, si kinywani mwa waumini, na usiandike "mungu jike", maana jike ni la wanyama. Herufi ndogo kwa mungu wa kubuni, kubwa kwa Mungu ambaye wahusika au wasomaji wako wanamwabudu.

Silaha kubwa ni upatanisho wa kisarufi. Bahari kwa kawaida ni ya i-: "bahari imechafuka." Mpe mvuvi mzee sentensi hii: "Bahari amechafuka." Herufi moja imebadilika na tayari tuna imani nzima. Mfanyabiashara mgeni ataendelea kusema imechafuka, na msomaji atajua nani anaamini nini bila aya ya maelezo. Kuna ngazi ya tatu, tamu zaidi. Kiswahili kinasema "mama yetu amekuja": kimilikishi cha ngeli ya vitu, kitenzi cha mtu, na ndivyo tunavyowasema ndugu wa karibu. Kwa hiyo "Bahari yetu amekuja" inasikika kama mtu anayemtaja mzazi. Itunze kwa ajili ya makuhani, au kwa mtoto. Jambo moja la kuwa nalo macho: wahariri wa vitabu wataisahihisha wakidhani umekosea, basi ambatisha karatasi ya maelezo kwenye mswada.

Wingi nao uchague mapema. "Miungu hii iliyolala" inawafanya wawe vitu, "miungu hawa waliolala" inawafanya wawe watu. Zote mbili zinaandikwa. Kuchanganya ndani ya ukurasa mmoja ndiko kunakochosha.

Jina liwe la kupigiwa kelele penye upepo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo weka pale irabu iliyo wazi, a au o. Suwale linasafiri mbali; Sumirindi linamezwa na upepo. Kagua kwamba jina si neno la kawaida wala la mahali: Kilindi lingependeza, maana ni maji marefu, lakini tayari ni wilaya ya Tanga na kuna Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara. Kisha fanya jina hilo lisitajwe ovyo. Unajua watu wasiomtaja nyoka usiku, na wateja wasiotamka chumvi wala sindano dukani jua likishazama. Mungu wa maji ya chumvi anastahili hofu ya namna hiyo: wavuvi wamwite "Mwenye Mpaka" wakiwa majini, na jina la kweli walitamke nchi kavu tu.

SWALI: Lazima awe wa bahari? Mimi naona kila siku Ziwa Singidani. Anaweza kukaa kwenye ziwa la chumvi?
Msomaji wa Singida

JIBU: Anaweza, ila atakuwa na tabia nyingine. Bahari huchukua na kurudisha mara mbili kwa siku. Ziwa kama Singidani au Kindai hupokea maji ya mvua, jua huyaondoa, chumvi inabaki. Mungu wa ziwa lisilo na mto wa kutokea hakusamehe wala hakurudishii. Kila kilichoingia bado anacho, na deni la babu yako linasomeka kwenye ukoko mweupe wa ufukweni. Ukingo wake unahama kwa miaka, si kwa saa. Hekalu lililojengwa mwaka wa mvua nyingi litabaki mbali na maji miaka ya ukame, na waumini watalazimika kuamua kama wamfuate au wamngoje.

SWALI: Naweza kumchukua mungu wa bahari wa watu wengine, nikambadilisha jina? Au kuanzia kwenye matambiko ya kwetu Kolo?
Msomaji wa Kondoa

JIBU: Azima utendaji, usiazime mwili. Mazu anayeheshimiwa pwani za China, kwa simulizi za waumini wake, alikuwa msichana wa kisiwa cha Meizhou, Fujian, aliyezaliwa 960. Kazi yake ni kuwarudisha mabaharia nyumbani. Yemoja wa Wayoruba ana asili ya mto Ogun, na alipovuka Atlantiki pamoja na watu waliotekwa utumwani akawa wa bahari kule Brazil. Sedna wa Wainuiti alikatwa vidole vikawa sili na wanyama wengine wa baharini. Hawezi kuchana nywele zake, na zikijaa uchafu wanyama hawatoki, mpaka mganga ashuke kumchana. Tazama ufundi wa huyo wa mwisho: ana jeraha, jeraha limezaa chakula cha watu, na kuna huduma moja ambayo binadamu tu anaweza kumpa. Mpangilio huo unaweza kujifunza kwao na kujenga wako kwa vitu vingine kabisa. Mazu na Yemoja wanaabudiwa leo, kwa hiyo kubadilisha jina peke yake ni kuvaa nguo ya mtu aliye hai.

Vivyo hivyo Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2006, na mahali pengine pale matambiko hayajakoma. Maneno na hatua za tambiko la kweli viache kwa wenyewe. Unachoruhusiwa kubeba ni kile ambacho macho yako yanaona kutoka njiani: watu wanapanda mwamba kwa ajili ya mvua. Mvua hiyo ilitoka baharini, na mungu wako anaweza kuidai.

SWALI: Mungu wangu anazamisha meli kwa dhoruba, kila mara. Wasomaji wamechoka. Kuna njia nyingine?
Msomaji wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Nyingi, na za kutisha kuliko dhoruba. Chombo cha mbao kinaishi kwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta na kusukumiwa kwenye maungio ya mbao, na kwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa chini. Nahodha aliyeokoa fedha akaruka deheni amewafungulia mlango viumbe wa baharini wanaotoboa mbao. Miezi michache baadaye ubao unaonekana mzima kwa nje na ndani ni sega. Mungu hakufanya lolote zaidi ya kungoja.

Lakini tungekushauri uanze na utulivu. Jahazi husubiri kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, na kusi, takriban Mei hadi Septemba. Katikati ya pepo hizo mbili huweza kuja siku za shwari kabisa, tanga limening'inia kama nguo kambani. Fanya hesabu na uiache hesabu iongee. Watu 18, kila mmoja lita 4 kwa siku kwenye joto lile, ni lita 72. Mapipa yana lita 600: siku nane. Nahodha akipunguza hadi lita 2, siku 16, na kazi ya mikono inakoma. Kuanzia hapo wanaitazama bahari. Kila lita yake ina gramu 35 hivi za chumvi, na figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, kwa hiyo anayeinywa mwili wake unatumia maji zaidi ya aliyoyameza ili kuitoa. Anakunywa na kukauka.

Kama umemfanya mungu wako atoze maji matamu, tulivyomshauri mwenzako wa Kizota, basi sura hii inajiandika. Siku ya 11 kuna mtu atakayesema hongo haikutimia bandarini, ilipungua lita 3, na sasa lazima itimizwe. Wamebakiwa na mapipa mawili. Andika mabishano hayo usiku, sauti za chini, na alfajiri uwaoneshe wanaume wazima wakilamba umande kwenye tanga kabla jua halijapanda, huku lita tatu zikiwa kwenye kata, mkononi mwa mtu mmoja, kando ya ukingo.